Lenzi ya Bi Raya

Siku hizo kabati la chakula la mwenye kisukari lilifunguliwa kwa jicho, tena jicho lililovaa lenzi ya kupimia sukari kwenye machozi. Jirani akikupa hata kijiko cha asali, anatiwa jela.

Bi Raya alikwisha kujidunga insulini, analiendea kabati lililokwisha kumfungukia ajipatie uji wake, Shemsa mkwewe alipomtazama akashtuka.

"Mama! Jicho limeiva kama damu!"

"Mbona haliniumi?"

"Hilo ndilo linalonitisha. Sukari imelitia ganzi. Lenzi umeisuuza kwa maji gani?"

"Kwa maji ya mtungi, nimeyafukiza ubani mwenyewe. Kuna maji safi kuliko hayo?"

Shemsa alinawa kwa sabuni, akamtoa lenzi mbiombio, akaiweka kisahanini. Papo hapo kabati likajifunga. Alilivuta, akaligonga kwa mchi, wapi!

Insulini bila uji ikaanza kuishusha sukari; jasho jembamba likamtoka Bi Raya, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Nirudishie, mwanangu."

"Lenzi ina vijidudu vya mtungi, jicho litakufa, Mama!"

"Basi nitie kwenye hili jingine."

Shemsa alikiinua kisahani. Jicho lile jingine lilikuwa jeupe, zima, limekodolewa likimngoja.