Nguchiro Aliyecheza na Swila

Sikilizeni, nyote wenye simu mkononi, nami nikiwa wa kwanza.

Nguchiro alikuwa mlinzi wa mayai ya Kuku. Siku moja nyoka Swila alikuja kuyaiba, na Nguchiro akamrukia huku na huku ili amchoshe kabla ya kumng'ata. Kima akawarekodi, akatia muziki, akairusha video mtandaoni. Kufikia jioni msitu mzima ulikuwa unacheza kwa kuruka vile.

"Usiniue, kaka," Swila akanong'ona Nguchiro alipomkabili tena. "Bila mimi utacheza na nani?"

Nguchiro akaona ni kweli. Wakawa wanacheza kila asubuhi, na kila baada ya ngoma Swila alipitia kwa Kuku kupata kifungua kinywa.

"Yamebaki matatu, mwanangu!" Kuku akalia.

"Shikamoo, mama. Nina wafuasi elfu arobaini. Narudi sasa hivi."

Hakurudi. Basi Swila alipokuja tena, Kuku mwenyewe alimdonoa macho huku akimtukana yeye na ukoo wake wote, hadi akakimbia. Kima alikuwepo na simu yake. Kesho yake hakuna aliyemkumbuka Nguchiro. Msitu ulikuwa unaigiza matusi ya Kuku.

Nguchiro akarudi kichwa chini. "Nisamehe, mama. Nirudishe kazini."

"Umekuja wakati mzuri," Kuku akasema, akijipaka rangi ya mdomo. "Hebu yalalie haya matatu, mashabiki wananisubiri. Narudi sasa hivi."

Nguchiro aliijua hiyo sasa hivi. Akajikunja vizuri juu ya mayai, akaanza kuwatafutia vifaranga majina.