Uji wa Bi Arafa

Tangu atimize miaka sabini, Bi Arafa alikula uji wa pakiti tu, kama sheria ilivyowataka wazee wote. Sheria hiyohiyo iliwakataza kufunga. Hakulalamika, maana tangu hapo sala ilimkolea, na kila akisujudu machozi ya furaha yalimtoka.

Jioni moja mjukuu wake Raiyani, aliyefundishwa shuleni kusoma lebo za vyakula, alichukua pakiti akaisoma kwa sauti.

"Protini. Chuma. Chumvi kidogo. Imani, asilimia mia ya mahitaji ya siku. Bibi, imani ni vitamini gani?"

"Hebu soma tena, mjukuu wangu."

Akasoma tena, vilevile. Bi Arafa akaisukuma pakiti kando. "Kesho nafunga," akasema. "Mola wangu namjua mwenyewe."

Kesho yake akafunga kutwa. Magharibi alifungua kwa maji matupu, akatandika mswala. Maneno yote aliyakumbuka, lakini kifuani palikuwa patupu kama nyumba iliyohamwa. Akasujudu, akangoja. Akangoja sana.

"Bibi, nikukorogee uji?" Raiyani aliuliza kutoka jikoni.

Alitaka kusema hapana.

"Koroga pakiti mbili," akasema. "Na ufanye haraka, isha isinikute hivi."