Kitambaa Juu ya Jiko

Kwa miaka thelathini nimejenga mitambo ya gesi ya samadi, kutoka Kituntu mpaka Kamuli. Jana, siku yangu ya kwanza baada ya kustaafu, nilikwenda kwa mama. Jiko la gesi nililomfungia mwaka juzi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha yangu. Yeye alikuwa amepiga magoti akipuliza kuni mbichi, macho mekundu kama kahawa iliyoiva mtini.

"Mama, kumbe hujalitumia hata siku moja?"

"Samadi ni ya migomba, Kabyemera. Nikiitia yote kwenye shimo lako, baba yako atakula nini?"

Baba tulimzika kibanjani, katikati ya migomba. Kila Jumamosi mama huweka samadi kwenye mgomba ulio kichwani pake.

Nimefundisha wilaya mbili nzima. Mama yangu nilimjengea mtambo, nikaondoka bila kumweleza chochote.

Nikaenda kwa jirani, nikarudi na ndoo ya tope jeusi lililotoka kwenye mtambo wake.

"Hili limeshatoa gesi, mama. Chakula cha migomba bado kimo humu."

Akachovya vidole, akavisugua, akanusa. Kisha akaibeba ndoo mwenyewe hadi kaburini, akamimina taratibu, kama anayemnawisha mgeni mikono.

Aliporudi jikoni alikunja kile kitambaa, akanipa ndoo tupu.

"Nenda zizini," akasema. "Mtambo wangu una njaa."