Wakili wa Tajiri

Pale kijiweni pa kahawa, anayeshindwa ubishi huhamia benchi la juani. Ndiyo sheria yao, na hata imamu alishawahi kuungua.

Siku hiyo kesi ilikuwa ya yule tajiri wa mitandao, anayerusha roketi na matusi kwa mkono mmoja. Amefukuza wafanyakazi wake, kisha akawacheka hadharani. Sefu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akapitisha hukumu: kila mtu afute programu ya tajiri huyo kwenye simu yake, wote wakiona. Wakafuta. Zamu ikamfikia Machano.

"Mimi naibakiza," alisema.

"Umepewa nini, shehe? Au atakuoza binti yake?"

"Mtu hodari yule. Wewe utarusha roketi, suruali tu inakushinda kulinganisha miguu?"

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Machano naye akacheka. Hakuwaambia kwamba humo kwenye programu ndimo ilimobaki sauti aliyotumiwa na mkewe, Kidawa, waliyemzika pamoja kabla ya Ramadhani, na kwamba haikuhifadhiwa popote pengine.

"Juani, wakili wa tajiri," Sefu aliamuru.

Machano akabeba kikombe chake, akahamia. Aliwapa mgongo, akaibana simu sikioni.

"Anapokea maagizo huyo," mmoja alisema, wakaangua kicheko tena.

"Baba Rehema," Kidawa alikuwa akisema, "chakula nimekifunika. Njoo basi, siwezi kula peke yangu."

"Naja," Machano alijibu, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie.