Nyumba ya Kijani

Siku hizi kila bomba la choo mjini kwetu lina kipimo cha afya, na kila kipimo kinaonekana kwenye ramani ya kompyuta. Wizara imeamua kidato cha tatu wajifunzie humo kusoma ramani. Basi mimi, Mwalimu Mbwambo wa jiografia, nasimama mbele ya ukuta unaowaka, nafundisha vinyesi vya majirani.

Jumatatu mwanafunzi wangu Nakiete aliukuza mtaa ninaokaa. "Mwalimu, kwako pamekuwa njano. Kuna mtu anaharisha, na ni mzee."

Hakuna aliyecheka. Waliandika tu, kama wanavyoandika kiwango cha mvua.

Mzee huyo ni mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea. Tangu nimwoe bintiye hajawahi hata kula mbele yangu, maana kwetu mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali. Sasa darasa zima lilikuwa limeingia tumboni mwake, na mimi nimeshika kijiti cha kuonyeshea.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Umemwona mama huko shuleni, kwenye ramani?"

Niliinama kuvua viatu. Nyuma ya pazia la chumba cha mgeni, kitanda kililia.

Kuanzia usiku ule sahani ya mama ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. "Nimeshiba, mwanangu," alimwambia mke wangu kila mara.

Ijumaa Nakiete aliifungua tena ramani. Nyumba yangu ilikuwa ya kijani kuliko zote mtaani.

"Hongera, Mwalimu," alisema, na darasa zima likanipigia makofi.