Uji wa Mke Mzima

Homa ilipoingia mjini iliwalaza wanaume chali, huku wake zao wakipiga chafya mbili tatu na kurudi kufua. Siku ya nne kitandani bila kula, Mbaruku akaona hapa pana mkono wa mtu.

"Onja kwanza," akamwambia mkewe aliyemletea uji.

"Nesi kasema kirusi hiki kinawaonea wanaume, Baba Salha. Miili yetu sisi hukiwahi mapema."

"Nesi naye mwanamke."

Mama Salha akacheka, akanywa. Akanywa tena. Mbaruku alimkodolea macho kooni hadi bakuli likabaki nusu.

"Nikiumaliza, njaa ndiyo itakayokuua, si mimi."

Mbaruku akalipokea, akanusa, akamtazama mkewe anavyojifuta midomo.