Kiporo cha Hong Kong

Hong Kong chakula hakitupwi. Ukiacha kiporo mkahawani kinahifadhiwa, na jamaa yako akija lazima akimalize ndipo aagize chake.

Mzee Mbwera, aliyetoka Tanga kumtembelea bintiye Zamda, alishinda bandarini akitazama meli na maghorofa. Jioni wakaingia kula. Mlangoni akabonyeza kidole kwenye mashine ya kutambua jamaa za mtu, akinung'unika, "Hawa wakubwa, kila pahali wanataka vidole vyetu tu!"

Mhudumu akamletea nusu bakuli la wali wa kamba. "Karibu, babu," akasema kwa Kiswahili cha mashine. "Mkeo aliacha hiki juzi."

"Mke wangu nimemzika, mwaka wa tatu huu!"

Alichozika ni sanduku, limefungwa na watu wa serikali, nao wakakataza lisifunguliwe. Mzee akaliinamia bakuli. Vipande vyote vya hoho vilikuwa vimechambuliwa na kusukumwa pembeni, vile vile alivyokuwa akifanya marehemu Mwanahawa.

Akamgeukia Zamda, akitaraji kumwona ameshtuka kama yeye. Zamda alikuwa anafuta kijiko, polepole, hamtazami.

"Kula, baba," akanong'ona. "Kula tu, usiulize. Wanatuangalia."